Msumari wa Ishirini na Nne

Asubuhi ya usaili, Daktari Karwirwa Muthamia alipita lango la chuo akiwa amekumbatia ubao mrefu uliofungwa kwa leso ya maua. Askari wa langoni, aliyemfahamu kwa miaka mingi, alimwuliza kwa adabu kama anahama ofisi. Akamjibu kwamba hahami, anakwenda kuulizwa maswali. Askari akautazama ule ubao, akamtazama mwenyewe, akampigia saluti.

Chuo chenyewe kiko upande wa Embu, na jina lake tuliache, kisije kikatuandikia barua. Karwirwa alikuwa amefundisha hapo mifumo ya kompyuta kwa miaka ishirini na miwili: namna mashine inavyogawa kumbukumbu zake, inavyopokea kazi nyingi kwa pamoja, na inavyoamua ipi ianze na ipi ingoje. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, miwani miwili ya kusomea ambayo yote hupotea, na sifa ya kutomwacha mwanafunzi nyuma. Alichokosa ni cheo. Mara mbili katika miaka kumi na miwili alikuwa ameomba uprofesa, na mara mbili akarudishwa. Sasa chuo kilikuwa kimeanzisha nafasi moja ya profesa wa ufundishaji, nafasi ya mtu anayepimwa zaidi kwa darasa lake kuliko kwa makala zake, na waombaji walikuwa watatu.

Aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya watu. Si kwa ajili ya kiti wala ofisi yenye zulia. Baba yake, Mzee Muthamia wa Kanyakine, alikuwa ametimiza miaka themanini na minne, macho yake yakiwa yameingia ukungu, na kila alipompigia simu alimwita Profesa. Alianza kumwita hivyo tangu siku ya ombi la kwanza. Mara ya kwanza Karwirwa alicheka. Mara ya pili, baada ya kurudishwa tena, neno lilimchoma, lakini hakuthubutu kumwambia mzee aache. Alitaka liwe kweli kabla mzee hajaondoka.

Kuhusu ule ubao, lazima turudi Kanyakine.

Mzee Muthamia alikuwa mfungua maji. Mradi wa maji wa kijiji ulikuwa na bomba moja lililoshuka kutoka msituni, na mashamba ishirini na manne yaliyolitegemea wakati wa kiangazi. Maji hayakutosha kumwagilia yote kwa pamoja, ikawa lazima watu wapokezane. Muthamia alipigilia misumari ishirini na minne kwenye ubao wa mti wa grevilia, akakata vibati kutoka kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, kila kibati akakiandika jina la nyumba moja, akavitundika kwa mpangilio wa zamu. Wa msumari wa kwanza alifunguliwa koki kwa saa moja. Saa ikiisha, koki ilifungwa hata kama umebakiza mstari mmoja wa maharagwe, na kibati chako kikarudi msumari wa mwisho. Hakumwonea mtu, hakumpendelea mtu, na kwa sababu hiyo watu walimlalamikia wote kwa kiasi kilekile.

Karwirwa alipokuwa na miaka kumi na mmoja, baba yake aliteguka mguu akalala ndani wiki mbili. Ubao akamwachia binti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akishinda wote kwa hesabu shuleni. Na msichana yule, badala ya kuutunza ubao kama ulivyo, akauboresha. Aliona kwamba ukiwaanzisha wenye vishamba vidogo, wa dakika kumi, wa robo saa, kufikia saa sita mchana watu wengi zaidi watakuwa wamemaliza. Akavipanga vibati upya: wadogo mbele, wakubwa nyuma. Siku ya kwanza watu kumi na watano walipata maji kabla ya chakula cha mchana. Wakamsifu. Wakasema binti wa Muthamia ana akili kuliko baba yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Karwirwa akazidi kuwasukuma wadogo mbele.

Lakini watu wa Kanyakine nao si wajinga. Walipoona kishamba kidogo ndicho kinachotangulia, wakaanza kuvikata vya kwao. Mwenye nusu eka akaja kuandikisha robo kwa jina lake na robo kwa jina la mwanawe. Mwingine akaandikisha migomba mitatu kwa jina la mama mkwe aliyekuwa akiishi mbali, mji wa Maua. Kila asubuhi palikuwa na vibati vipya vidogo, na msichana akaviweka mbele, hata viwili viwili kwenye msumari mmoja, kwa uaminifu wote, kwa sababu hesabu ilisema hivyo.

Mwisho kabisa wa bomba alikuwako mjane aliyeitwa Cucu Gatakaa, yaani Bibi Gatakaa. Shamba lake lilikuwa kubwa na hakuwa na mwana wa kumkatia. Siku ya tisa alikuja nyumbani kwa Muthamia na karai la miche ya kabichi, yote imelala kwa kukauka. Akaliweka karai mezani, taratibu, akakaa.

"Mwanangu, sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja unionyeshe msumari wangu uko wapi."

Karwirwa alikitafuta kibati chake. Kilikuwa palepale alipokitundika siku ya kwanza, msumari wa ishirini na nne, na kwa muda wa siku tisa hakikuwa kimesogea hata mara moja. Hakuwa amemnyima maji kwa chuki. Alikuwa amempitia tu, kila siku, kwa sababu nzuri. Aliona aibu iliyompanda hadi masikioni, na aibu hiyo hakuwahi kuisahau.

Baba yake, kutoka kitandani, hakumpiga wala kumkemea. Aliomba aletewe ubao, akaufikiria mchana kutwa, kisha akaongeza sheria moja tu: kila jioni, kibati chochote kilichopitwa kisogee juu msumari mmoja, kiwe cha yeyote yule. Mdogo anaweza kutangulia leo na kesho, lakini anayesubiri anapanda, na ipo siku atafika juu. Kesho yake Cucu Gatakaa alianza kupanda. Waliokata mashamba wakaona hakuna faida, wakayaunga tena kimyakimya.

Karwirwa alikwenda sekondari Kaaga, akaendelea mbele, na siku moja katika ukumbi wa mihadhara akamsikia mwalimu akieleza jinsi kompyuta inavyopanga kazi zake. Prosesa moja, ule ubongo wa mashine, kazi nyingi, foleni. Ukitanguliza kazi fupi, unamaliza nyingi haraka, lakini kazi ndefu inaweza kusubiri milele. Dawa yake ni kuipandisha daraja kila inapopitwa. Wenzake waliandika. Yeye aliweka kalamu chini, kwa kuwa aliona wazi kabisa karai la miche ya kabichi. Hapo ndipo alipojua atafanya kazi gani maishani.

Alipoajiriwa kufundisha, maabara yake ilikuwa na kompyuta kumi na moja kwa wanafunzi tisini na sita, na mbili kati ya hizo zilikuwa za kupangusa vumbi tu. Basi akawatoa nje kwenye nyasi. Mmoja alishika jagi la maji, huyo ndiye prosesa. Wengine walipanga foleni na vyombo vya kila namna: kikombe, bilauri, sufuria. Kijana mmoja mrefu kutoka Gachoka, jina lake Kivuti, alipewa ndoo. Sheria ilikuwa chombo kidogo kwanza, na kila aliyejaziwa aliruhusiwa kumwaga na kurudi kwenye foleni. Zikapita dakika arobaini. Vikombe vilijazwa mara sita, mara saba, wenzake wakicheka, na Kivuti akasimama na ndoo kavu kwenye jua la saa saba.

"Madam, kwani mimi nimekosea wapi?" aliuliza mwishoni.

"Hujakosea," Karwirwa akamjibu. "Ndiyo maana nikakupa ndoo."

Somo hilo la ndoo alilifundisha kila mwaka, hata maabara ilipopata mashine za kutosha. Baada ya ndoo walitengeneza ubao wa misumari kwa mikono yao, na baada ya ubao ndipo waliruhusiwa kuandika programu. Wanafunzi walimpa jina la Madam Koki na kulitumia kila mahali isipokuwa mbele yake, na yeye alilijua tangu juma la kwanza. Hakuna aliyetoka katika darasa lake bila kuelewa namna foleni inavyoweza kumdhulumu mtu bila kumchukia. Ila kuandaa somo namna hiyo kunakula muda, na kusahihisha programu za watu tisini na sita mstari kwa mstari kunakula zaidi. Makala akaandika tatu tu.

Wenzake waliandika nyingi. Tusiwaseme vibaya, wengine walikuwa na mambo ya kusema. Lakini walikuwapo waliochukua wazo moja la nusu eka wakalikata vipande vinne, kila kipande kikaenda jarida lake na jina lake, na kamati ilipoketi kuhesabu ikaona vinne ni vingi kuliko kimoja. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Mara ya kwanza Karwirwa aliporudishwa alijikaza. Mara ya pili alijifungia maabara mchana kweupe akalia, na aliyemkuta hapo ni Ayan, fundi wa maabara, aliyekuwa na ufunguo wake.

Ayan alikuwa binti wa Nuh, mwenye malori kule Maua, na mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kumfundisha. Alikuwa na shahada ya pili, aliwasaidia wanafunzi kwa subira kuliko wahadhiri wenyewe, na kwa miaka mingi alikuwa ameomba nafasi ya mhadhiri msaidizi, akaambiwa asubiri. Siku ile hakusema maneno ya kufariji. Alifunga mlango nyuma yake, akamletea chai, akakaa naye mpaka ikaisha. Karwirwa aliishukuru ile chai, lakini katika uchungu wake hakumwuliza Ayan habari zake mwenyewe.

Ndipo ikaja nafasi hii mpya. Wiki moja kabla ya usaili, Karwirwa alikwenda Kanyakine kuazima ule ubao wa zamani. Mradi ulikuwa umefunga mita kwenye kila shamba siku nyingi, na ubao ukabaki umetundikwa sebuleni kwa mzee, bila kazi. Nakala za wanafunzi zilikuwa tele, lakini alitaka kamati ione ule wa kweli. Ajabu ni kwamba mzee alisita. Aliupapasa kwa vidole, kisha akamwambia achukue, lakini asiguse mpangilio wa vibati hata kimoja.

Kamati ilikuwa na watu watano. Mwenyekiti alikuwa Profesa Riungu, mzee wa chuo mwenye sauti ya polepole, na pembeni aliketi mgeni kutoka Nairobi, mwembamba, mwenye kusoma kila karatasi mara mbili. Waliuliza kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi. Karwirwa aliufungua ubao, akaeleza habari za bomba, karai na ndoo. Akaonyesha pia barua iliyotoka kwa Kivuti, sasa mtu mzima, ambaye alikuwa ameandika programu ya kupanga zamu kwenye kisima cha umeme wa jua huko kwao Gachoka. Akina mama waliotoka mbali na punda walikuwa wakipitwa kila siku na wa karibu. Sasa aliyepitwa alikuwa akipanda.

Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo Karwirwa alikuwa akilihofia. "Wewe mwenyewe umesubiri miaka kumi na miwili. Unataka tukupe cheo kwa sababu umesubiri?"

Karwirwa alihisi hasira ikimpanda, kisha akamkumbuka mjane wa Kanyakine alivyokaa pale mezani.

"Hapana," alisema. "Yule mama hakuja kuomba huruma. Alikuwa na shamba, na alijua kulima. Alichouliza ni msumari wake uko wapi. Mimi nauliza hivyohivyo. Kama sijui kufundisha, nirudisheni."

Mgeni aliandika kitu. Halafu akainuka, akausogelea ubao, akaviangalia vibati kimoja kimoja. Akauliza mbona msumari wa kwanza una vibati viwili, kimoja kikiwa juu ya kingine, na mbona hicho cha juu hakina jina. Karwirwa alitazama. Kweli, kilikuwako, kimeng'aa kuliko vingine kwa kushikwashikwa, kitupu. Hakuwa amekiona maishani mwake.

"Sijui," akasema, na huo ndio ukawa mwisho wa usaili.

Alitoka akiwa na hakika kwamba ameharibu. Mtu anabeba ubao wa baba yake mbele ya kamati, kisha anashindwa kueleza msumari wa kwanza kabisa! Jumamosi iliyofuata aliurudisha Kanyakine. Mvua za vuli zilikuwa zimeshika, mzee alikuwa amekwisha kupandiwa maharagwe, naye aliketi barazani na blanketi magotini akinywa uji. Karwirwa alimweleza yote, hata lile swali lililomshinda, kisha akamwuliza kile kibati kitupu ni cha nyumba gani.

Mzee alikunywa uji wake kwanza. "Ni chako," akasema, kwa Kimeru chake cha taratibu.

Akaeleza kama mtu anayeeleza habari ya mbuzi. Siku Karwirwa alipopiga simu kusema ombi la kwanza limerudi, alikata kibati akakitundika msumari wa ishirini na nne. Kwa kuwa sheria ni sheria, alikisogeza juu kila alipopitwa, lakini si kila jioni, maana mambo ya wasomi huenda polepole kuliko maji. Alikisogeza mara moja kila msimu wa mvua, akishamaliza kupanda. Misimu miwili kwa mwaka, miaka kumi na miwili. Msimu mmoja tu hakukigusa, ule wa ukame wa mwaka juzi, kwa sababu mvua haikuja na hakupanda chochote, na asingeweza kudanganya ubao. Mwezi uliopita, akipapasa kwa vidole kwa kuwa macho yalishakataa, alikitundika msumari wa kwanza.

"Sikukuita Profesa kwa kukukejeli, mwari, binti yangu," alisema. "Nilikuwa nakuita kwa zamu iliyokuwa njiani. Wale wakikataa, hilo ni lao. Kwa ubao wangu mimi, umefika."

Karwirwa aliweka kichwa kwenye blanketi la baba yake akalia kama mtoto, na mzee akaushikilia uji wake juu usimwagike.

Barua ilikuja Januari, wiki ya pili ya muhula. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, imetiwa saini na watu wawili, na ilisema Profesa Karwirwa Muthamia. Aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi. Wanafunzi walipopata habari waliandika ubaoni Profesa Koki, na safari hii hawakufuta alipoingia. Ayan alicheka kuliko wote, akampa mkono, akamwambia hongera kwa moyo mweupe. Na Karwirwa, akiwa bado ameushika mkono ule, alijisikia aibu ileile ya masikioni aliyoijua tangu utotoni. Akamwuliza ameomba nafasi yake kwa muda gani sasa. Ayan akasema ni miaka saba, tangu Januari ile aliyopeleka ombi la kwanza, kisha akageuka kuwasha mashine.

Jumapili baada ya kanisa alikuwa Kanyakine. Mzee aliomba asomewe barua mara tatu, akaipapasa saini, akaitikia kwa kichwa. Hakushangaa hata kidogo. Halafu akamwonyesha ukutani kwa kidole.

"Umekunywa," akasema. "Sheria unaijua."

Karwirwa akacheka machozi yakimlengalenga. Alikitoa kile kibati kutoka msumari wa kwanza, akakishusha hadi wa mwisho. Kisha akaingia jikoni, akarudi na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia na mkasi mkubwa, akakaa sakafuni, akaanza kukata. Mzee alisikia mlio wa bati, akauliza anamkatia nani.

"Msichana mmoja wa Maua," Karwirwa akasema. "Anaitwa Ayan. Anajua kazi kunishinda. Nimempitia kila siku, Baba, na sikumwona. Kesho naanza kumwandikia barua, na wasiposikia nitakwenda mwenyewe."

"Amengoja muda gani?"

"Miaka saba."

"Basi asianzie chini." Mzee alinyoosha mkono akapewa kibati. Akasimama taratibu, akautafuta ukuta, kidole kikaupata msumari wa ishirini na nne, kikaanza kupanda huku midomo ikihesabu. Alipofikisha misimu kumi na nne, akasita, akashusha kidole hatua moja.

"Toa ule msimu wa ukame," akasema, akakitundika msumari wa kumi na moja.